Picha Tatu za Moyo wa Darmi

Ukiagiza chai ya maziwa saa moja asubuhi katika hoteli yoyote ya Garsen iliyo upande wa njia ya Lamu, jua kwamba maziwa hayo yamekwisha kupita kwenye ulimi. Kila alfajiri, baada ya swala, wanawake kumi na wawili wa kijiji kimoja cha wafugaji wa Kiorma huleta maziwa waliyokama, kila mmoja na kibuyu chake kilichofukizwa moshi, nao hupanga mstari mbele ya nyumba ya Darmi Hirbo. Kwa miaka kumi na tisa Darmi alikaa pale kwenye kigoda, akamiminiwa funda moja kikombeni, akanywa, akanyamaza kidogo. Akikubali kwa kichwa, maziwa yalimiminwa dumuni. Akikisukuma kibuyu kando kwa ncha ya kidole, mwenyewe alikichukua akaenda zake bila neno. Kila mtu alijua kwamba maji yamo, na kubishana na Darmi juu ya maji ni kujiaibisha mara mbili.

Hakuwa na kifaa chochote cha kupimia. Alikuwa na ulimi na alikuwa na jina. Mwanahamisi, mama wa Kipokomo mwenye hoteli kubwa pale mjini, akiulizwa na mteja kuhusu maziwa yake hujibu tu, "Haya ni ya Darmi," na maulizo yanaishia hapo. Darmi mwenyewe alilijua hilo vizuri mno na, tusimfiche, alijivuna. Akizungumza juu ya waongo, alizungumza kana kwamba ni viumbe wa nchi ya mbali ambao yeye alihadithiwa tu.

Ugonjwa wake ulimjia kwa kunyata. Mwezi wa pili, jua likiwa limewatia adabu hata mbuzi, Darmi alivaa sweta. Watu wakacheka, naye akasema ni upepo. Baadaye sauti ikawa nzito ya kukwaruza, hata Huka, mwanawe aliyekuwa na ng'ombe upande wa Chara, alipompigia simu siku moja aliuliza ni mwanamume gani huyo anayepokea simu ya mama yake. Ngozi ilimkauka na nywele zikabaki kwenye kitana. Uso ukamfura, na wanawake wa mstari wa maziwa wakamsifu kwamba amenenepa, umri umemkubali. Sifa hiyo aliipenda, na ikamchelewesha kwenda hospitali miezi mitano mizima.

Aliyestuka ni Hamdi, mke wa Huka, binti aliyemaliza kidato cha nne na ambaye macho yake hayapitwi na kitu. Hamdi aliona kwamba kutoka nyumbani hadi barabarani, pale bodaboda inaposimama, mkwewe analitua dumu chini mara tatu. Zamani hakulitua hata mara moja. Aliona analala mchana, jambo ambalo Darmi aliwalaumia watu wengine. Kisha alfajiri moja aliona mama amesujudu na hakuweza kuinuka. Alibaki pale pale chini mpaka wenzake wakatoa salamu. Pumzi zilikuwa zikimtoka kama aliyetoka mbioni. Hamdi hakuomba ruhusa. Aliita bodaboda.

Zahanati yenyewe inaitwa Maridhawa, iko nyuma ya maduka ya mbao, na daktari wake ni Ubeid, kijana wa Kipini mwenye adabu na haraka. Foleni yake haijawahi kuisha. Alimkalisha Darmi, akabonyeza ugoko wa mguu, akaishika shingo yake kwa vidole viwili akimwambia ameze mate.

"Mama, wahisi baridi?"

"Sana."

"Na tumbo, wapata choo?"

Darmi akamtazama Hamdi, Hamdi akatazama ukuta. "Kwa shida," akasema.

Ubeid akachukua nyundo ndogo ya mpira, akaugonga mshipa wa nyuma ya kisigino. Mguu uliruka kidogo, kisha ukarudi chini polepole, kivivu. Akahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima: arobaini na sita. Akapima pia umeme wa moyo, na mistari iliyotoka kwenye karatasi ilikuwa mifupi. Akatoa damu ya kupelekwa Malindi, na jibu liliporudi wiki iliyofuata alimweleza kwa maneno mepesi. Hapa shingoni kuna tezi inayouambia mwili uende mbio au uende taratibu. Ya Darmi imelala. Ikilala, kila kitu hulala nayo: ngozi, tumbo, sauti, na moyo pia. Dawa ipo, ni kidonge kidogo cheupe cha kila siku, pengine cha maisha. Ila moyo uliozoea kwenda taratibu hauchapwi ghafla ukimbie, kwa hiyo ni lazima kwanza waujue ulivyo.

Wa kuujua alikuwa Teresia, mwanamke wa kijiji cha Wema, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aliyesomea kupiga picha za ndani ya mwili. Kila Jumatano ya pili ya mwezi hutoka Malindi na mashine yake begani, anafungua meza pale Maridhawa. Darmi alilazwa ubavu wa kushoto, Hamdi akamshikia shuka ili asitirike, na Teresia akampaka ute wa baridi kifuani. Darmi aliruka. Kisha mashine ikaanza kutoa sauti, na chumba kikajaa mlio wa moyo wake mwenyewe, na Darmi akafumba macho. Aliogopa. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu hicho kina sauti ambayo watu wengine wanaweza kuisikiliza bila idhini yake.

Teresia alipima kimya kimya. Alipima moyo unasukuma damu kiasi gani kila unapopiga, na ukishapiga unalegea kwa muda gani ili ujae tena. Kusukuma kulikuwa kwa wastani. Kulegea kulichelewa. Na kando ya moyo palikuwa na ukanda mweusi mwembamba, milimita nane, nao ni maji yaliyokusanyika kwenye ngozi inayoufunika.

"Mambo haya yaweza kuwa yote yameletwa na tezi," Ubeid alisema baadaye. "Kama ni hivyo, tezi ikitibiwa moyo utapona wenyewe. Na yaweza kuwa moyo una ugonjwa wake mbali. Hapo itabidi uende Mombasa. Dawa ndiyo itakayotwambia."

Akamwandikia kidonge cha nguvu ndogo kabisa. Ameze alfajiri, tumbo likiwa tupu, kabla ya chai na kabla ya chakula, asile mpaka saa nzima ipite. Darmi alirudia masharti yote neno kwa neno, na Hamdi akayaandika.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Huko Kipini alikozaliwa Ubeid, mtu akiambiwa ameze kidonge huchota maji. Haimjii hata kuuliza kwa nini. Kwa Darmi, dawa haimezwi kwa maji. Mama yake alimpa magome ya kikohozi ndani ya maziwa, vidonge vya malaria kwa maziwa, na alipojifungua Huka, kila mzizi aliopewa ulikuja na maziwa ya moto. Maji ni ya kutawadhia na ya kunyweshea ng'ombe. Kumpa mgonjwa dawa kwa maji matupu ni kutangaza kwamba nyumba hiyo haina ng'ombe hata mmoja anayekamwa. Kwa hiyo Darmi aliamka kabla ya adhana, akamkama ng'ombe wake mwekundu kwa mkono wake, akajaza kikombe maziwa yenye uvuguvugu, akameza kidonge chake kwa bismillahi. Akaswali. Kisha akakaa kwenye kigoda akaonja vibuyu kumi na viwili. Chai hakugusa. Chakula hakugusa. Masharti aliyafuata yote, na hakukosa hata siku moja.

Miezi mitatu ikapita. Baridi iko pale pale, na dumu linatuliwa mara nne sasa. Damu ikapelekwa Malindi ikarudi na jibu lile lile, na Ubeid akaongeza dawa mara mbili. Miezi mitatu mingine. Akaongeza mara mbili tena. Darmi akameza kwa moyo mmoja, na alipoona kwamba dawa imezidi ukubwa, akakizidisha kikombe pia.

Jibu la tatu la damu lilipokuja lilikuwa baya kuliko yote. Siku hiyo foleni ya Ubeid ilifika hadi nje, mtoto mmoja alikuwa akilia kwa sindano, na kijana yule alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Alilitazama jibu, akamtazama Darmi.

"Mama, niambie ukweli. Dawa hii huimezi."

"Nameza."

"Kipimo hiki nikimpa mtu mwingine, moyo wake utakimbia kama farasi. Wewe ni kama hujapewa kitu. Nisaidie nikusaidie. Waitupa?"

"Mimi?" Darmi alisema. Sauti yake ile ya kukwaruza ilipanda mpaka nje wakanyamaza. "Wewe mtoto, mimi nameza kila siku. Kila siku ya Mungu! Hamdi, toa zile pakiti."

Hamdi akazitoa pakiti tupu, zote, zimefungwa kwa uzi. Ubeid akazitazama na hakuzishika. Alishawahi kuonyeshwa pakiti tupu na watu waliokuwa wakiwapa kuku vidonge. Akainama, akaandika kwenye faili, akatia sahihi. Kisha akaandika barua ya Mombasa: Jumatano Teresia atapiga picha ya pili, na wataondoka nayo hadi kwa daktari wa moyo.

Wakiwa wamesimama nje, Darmi akauliza, "Ameandika nini?"

Hamdi alisoma kwa macho alipokuwa akikusanya pakiti mezani, na sasa alitamani asingesoma. "Mama, ni mambo ya daktari tu."

"Nimekuuliza ameandika nini."

"Mgonjwa hamezi dawa."

Darmi akaanza kutembea kuelekea barabarani. Ile ya Mombasa ilimtisha, bila shaka. Ami yake Adano alipelekwa huko kwa ajili ya moyo akarudi ndani ya sanda, na tangu hapo kwa Darmi neno Mombasa na neno moyo hayajakaa vizuri pamoja. Lakini lililomchoma lilikuwa lile jingine. Kufa angekufa kama watu. Kuandikwa mwongo, tena na mtoto ambaye yeye angeweza kumzaa, kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, hilo hakulipatia pa kuliweka.

Na Garsen ni mji mdogo. Asubuhi ya pili, kwenye mstari wa maziwa, alifika Dado, jirani ambaye kibuyu chake kilikuwa kimesukumwa kando mara mbili mwaka huo. Darmi akaonja, akanyamaza, akakisukuma. Mara hii Dado hakuondoka.

"Wewe kila siku unatupima sisi," alisema, mkono kiunoni. "Na huko hospitali wamekupima wewe wamekukuta unaongopa. Kesho nani atajua ni maziwa yangu yana maji au ni ulimi wako?"

Wanawake kumi na mmoja walitazama chini. Hakuna aliyemtetea, na hilo Darmi aliliona. Kibuyu cha Dado kilirudi na mwenyewe, lakini siku ile kwa mara ya kwanza Darmi alivionja vilivyobaki akikubali haraka haraka, bila kunyamaza katikati.

Jumatano ikafika. Ubeid alikuwa ametaka damu nyingine itolewe kabla ya kidonge cha siku hiyo, ili Mombasa wapate jibu jipya. Darmi akaja bila kumeza, kidonge kimefungwa kwenye pindo la mtandio. Teresia akampaka ute, akamgeuza ubavu, akapima. Ule ukanda mweusi sasa ulikuwa milimita kumi na sita. Moyo ulipiga arobaini na nne, kizito, kama mtu anayepanda ukingo wa mto na mzigo. Teresia akaifuta mashine, akalifungua faili ili aandike, akalisoma lile neno. Akawatazama wale wanawake wawili. Mtu asiyemeza dawa, alifikiri, huja siku anayojisikia. Huyu hakukosa miadi hata moja.

"Mama Huka," akasema, "leo umemeza?"

"Bado. Ameniambia damu kwanza."

"Damu imeshatolewa. Basi meza hapa nione."

Darmi akakasirika, akidhani anachunguzwa kama mtoto. Lakini akafungua pindo, akakitoa kidonge, akanyoosha mkono kwa Hamdi bila hata kumtazama, na Hamdi akatoa kibuyu kidogo kikapuni, akamimina kikombe pomoni. Walifanya hivyo kwa wepesi wa watu waliofanya jambo hilo mara mia mbili. Kidonge kilikuwa tayari mdomoni Teresia aliposhika kile kikombe.

"Subiri. Hayo ni maziwa?"

"Ni maziwa," alisema Darmi, kidonge kikiwa shavuni. "Unataka nimezee nini?"

"Kila siku unamezea hayo?"

"Ya ng'ombe wangu mwenyewe. Hayana hata tone la maji."

Teresia alikaa kwenye kiti. Kisha akacheka, akajifunika mdomo haraka kwa kuwa haikuwa siku ya kucheka, akainuka akafungua mlango akamwita Ubeid kwa sauti ambayo haitumiki zahanati. Ubeid akaja na bomba la sindano bado mkononi. Akakiona kikombe, akamwona Darmi na shavu lake, na rangi ikamtoka.

"Nilimwambia kabla ya chai," akasema.

"Ulimwuliza anamezea nini?"

 Hakuwa amemwuliza, na wote wanne mle chumbani walijua.

Teresia akamweleza Darmi kwa utaratibu, akichanganya maneno machache ya Kiorma aliyoyaokota sokoni. Kidonge hiki na maziwa havipatani. Vikikutana tumboni, kilichomo ndani ya maziwa hukikamata kidonge, na sehemu yake kubwa hutoka nje bila kuingia kwenye damu. Amemeza kweli. Ni dawa ndiyo iliyokuwa haifiki.

Darmi alikitema kidonge kiganjani. "Maziwa ndiyo yananiua?"

"Hayakuui, mama. Unakunywa, ila baadaye. Dawa kwa maji, halafu masaa manne yapite ndipo uguse maziwa."

"Masaa manne!" Darmi alisema, na Hamdi akajua mkwewe anahesabu vibuyu.

Ubeid alipiga simu Mombasa. Daktari wa moyo alisikiliza, akauliza kama maji yale yanaubana moyo. Teresia akasema bado, vyumba vyote vya moyo vinajaa damu vizuri. Wakakubaliana kumpa wiki nane, kwa sharti kwamba akikosa pumzi akiwa amelala chali, aje bila kungoja miadi. Dawa ikarudishwa chini nusu na zaidi. Kipimo kile kikubwa kikifika chote kwa mpigo, Ubeid alieleza huku akitazama meza, moyo mchovu kama huu ungeweza kuvurugika. Darmi akapewa maji ya chupa. Akameza. Alikunja uso kama aliyelishwa udongo.

Shida iliyobaki ilikuwa ya ulimi. Maziwa hayangoji, ikifika saa moja ni lazima yawe Garsen, la sivyo jua linayageuza. Kumeza usiku Darmi alikataa, maana maziwa yake ya mwisho huyanywa baada ya isha na kisha analala, wala hakuwa na nia ya kukaa macho akikingojea kidonge. Kuonja na kutema hakukuzungumzwa hata kidogo. Hakuna mtu nyumbani kwake aliyewahi kutema maziwa. Basi kigoda akakikalia Hamdi, na Darmi akasimama nyuma yake, tumboni mwake mna maji ya kidonge tu.

Wiki ile ile dumu likarudi. Mwanahamisi alipiga simu mwenyewe, kwa upole, jambo lililozidisha aibu. "Dada Darmi, haya ya leo ni mepesi. Sisemi kitu, nakwambia tu." Katika miaka kumi na tisa halijawahi kurudi dumu. Dado alikuwa ametia maji, na ulimi wa Hamdi ulipitwa. Kesho yake alfajiri, kibuyu cha Dado kilipofika, Darmi alikichukua kikombe mkononi mwa mkaza mwanawe na kukifikisha mdomoni. Harufu ya moshi na maziwa ilimpanda puani. Kidonge alikuwa amekimeza nusu saa iliyopita. Alisimama hivyo mpaka watu wakaanza kumtazama, kisha akakirudisha kikombe kwa Hamdi, na hasira iliyomjaa ilikuwa ya kutaka kukivunja.

Jioni yake akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alipanga vikombe sita, akajaza maziwa, na akatia maji kwa mkono wake mwenyewe: kimoja kijiko kimoja, kingine viwili, kingine vitatu, kingine vinne, na vikombe viwili akaviacha safi. Alimwomba Mungu msamaha kwa kila kijiko. Akamwita Hamdi, akamwambia aonje, asiseme kitu kwanza, aache ulimi unyamaze. Hamdi akakosea vinne. Kesho akakosea vitatu. Yale yenye maji walipewa ndama, maana Darmi hakukubali binadamu ayanywe. Wiki ya tatu Hamdi hakukosea hata kimoja, na alfajiri iliyofuata alikisukuma kibuyu cha Dado kando kwa ncha ya kidole. Dado akamtazama Darmi. Darmi akatazama ng'ombe.

Mwili wake ulianza kuamka bila kelele. Sweta lilibaki kwenye msumari. Sauti ikapanda, na Huka alipopiga simu kutoka Chara alimjua tangu neno la kwanza. Wiki ya nane damu ikawa na nafuu, na dawa ikaongezwa kidogo. Safari ya Mombasa ikaahirishwa. Mwezi wa tano tangu siku ya kikombe, Darmi alilibeba dumu hadi barabarani bila kulitua, halafu, kwa ukaidi tu, akalirudisha nyumbani na kulibeba tena.

Kwenye picha ya tatu hakufumba macho. Aligeuza shingo akaitazama mashine. Teresia akamwonyesha kwa kidole: huu mlango unafunguka, huu unafunga, hapa damu inaingia. Moyo ulipiga sitini na nane, ukasukuma vizuri, ukalegea kwa wakati wake. Ule ukanda mweusi ulibaki kama uzi, na mahali pengine haukuwapo kabisa.

"Ni mzima, mama Huka. Ulikuwa unangoja dawa tu."

Darmi alifurahi mpaka akaomba kuonyeshwa tena. Kisha akavaa, akajifunga mtandio, akaenda ofisini kwa Ubeid, Hamdi nyuma yake, akaketi. Ubeid alikuwa ameshapata habari. Alisimama, akampa mkono, akasema kwamba alikosea siku ile na anaomba msamaha.

"Nimekusamehe zamani," alisema Darmi. "Toa faili."

"Faili?"

"Lile neno liko ndani."

"Mama, faili hilo twalisoma sisi tu. Hakuna mwingine alionaye."

"Ndiyo hao hao," Darmi akasema. "Yule atakuja hapa baada yako atasoma. Mimi nitakuja kwake nikiumwa, nitasema nameza, na yeye atakuwa ameshajua mimi ni mwongo."

Nje kulikuwa na foleni, kama kawaida. Ubeid alitazama mlango, akamtazama mama yule aliyekaa kama mtu mwenye siku nzima, akalivuta faili. Akapiga mstari juu ya lile neno la kale, lakini hakulifuta, kwa sababu faili la mgonjwa halifutwi. Chini yake akaandika pole pole. Hamdi akainama akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mlango ukiwa wazi.

"Mgonjwa alikuwa anameza dawa kila siku tangu mwanzo. Alimezea maziwa. Sikumwuliza."

Darmi akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akakubali kwa kichwa.

"Na jina lako," akasema. "Lile la kwanza ulitia jina."

Ubeid akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake.